Simu ya mkononi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki

Kujifunza kwa simu ya mkononi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kulianzia nje ya kuta za vyuo hivyo. Waliotangulia ni wanafunzi wa elimu ya masafa: walimu wa shule za msingi, makarani, wauguzi na watumishi wa wilayani waliokuwa wakisoma huku wanaendelea na kazi, mbali na kampasi. Hao ndio waliokuwa na shida ambayo simu iliweza kuitatua, na historia ya simu chuoni haieleweki vizuri bila kujua walivyokuwa wakisoma kabla haijawafikia.

Mwaka 1967 chuo cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilifungua kitengo cha masomo kwa njia ya posta. Walengwa walikuwa hasa walimu wa shule za msingi waliokuwa kazini bila sifa kamili. Masomo yao yalitumwa kwa posta yakisindikizwa na vipindi vya redio vya Sauti ya Kenya. Tanzania ilitumia redio kwa upana zaidi, ingawa si kwa elimu ya chuo kikuu: katika kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 na Chakula ni Uhai ya 1975, watu wazima walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu na kujadiliana. Makerere ilianza kutoa shahada kwa wanafunzi wa nje mwaka 1991, kwanza katika ualimu na biashara. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kuzinduliwa Januari 1994, Profesa Geoffrey Mmari akiwa Makamu Mkuu wake wa kwanza. Hicho ndicho chuo kikuu cha kwanza katika eneo hili kujengwa chote juu ya elimu ya masafa.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kuufuata. Chuo kilikuwa na makao makuu Dar es Salaam na vituo mikoani. Mwanafunzi alijisajili, akapewa vitabu vya masomo, akajisomea mwenyewe, kisha akafika kituoni kwa vipindi vichache vya ana kwa ana, majaribio na mitihani. Mwanafunzi wa Tunduru au Mpanda aliyekwama kwenye ukurasa wa arobaini hakuwa na mtu wa kumwuliza. Barua kwenda kwa mhadhiri ilichukua wiki, na majibu wiki nyingine. Tangazo la kuahirishwa kwa mtihani lilibandikwa kwenye ubao wa kituo cha mkoa, na aliyekaa kilometa mia mbili kutoka hapo alilisoma siku aliyokuja kufanya mtihani wenyewe. Vifurushi vya vitabu vilisafiri kwa basi, vingine vikachelewa mpaka muhula ukawa umeyoyoma. Walioacha masomo njiani walikuwa wengi, na upweke ulichangia sawasawa na ugumu wa masomo.

Simu ya mezani isingeweza kuziba pengo hilo. Shirika la Posta na Simu lilipovunjwa na Kampuni ya Simu Tanzania kuzaliwa mwaka 1994, maombi ya laini yalikuwa yakisubiri kwa miaka, na mpaka mwanzoni mwa karne hii laini za mezani nchi nzima hazikufika 200,000. Nyingi zilikuwa ofisini na mijini. Kenya na Uganda hali ilikuwa ya namna hiyo hiyo: mwalimu wa kijijini hakuwa hata na sababu ya kuota simu nyumbani.

Matumaini ya vyuo yaliwekwa kwenye kompyuta na setilaiti. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, mradi uliorusha mihadhara kwa setilaiti kutoka vyuo vya ng'ambo hadi vituo vilivyokuwa ndani ya vyuo vya Kiafrika, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Makao ya mradi huo yalihamishiwa Nairobi mwaka 2002, na mwaka uliofuata ukawa taasisi ya kiserikali ya nchi kadhaa. Ulifundisha wengi na ulijenga uzoefu, lakini ulimtaka mwanafunzi asafiri hadi kwenye chumba chenye mitambo, na chumba hicho kilikuwa mjini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilijaribu mifumo ya kufundishia ya kulipia kabla ya kuhamia Moodle, programu huria iliyotolewa rasmi mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Dougiamas mwenyewe alikulia jangwani, akasoma shule ya msingi kwa redio ya masafa mafupi na vifurushi vilivyoletwa kwa ndege. Pengine ndiyo maana programu yake ilivifaa vyuo vya nchi ambazo watu wake wametawanyika hivyo. Hata hivyo, Moodle ya miaka ile ilihitaji kompyuta, umeme na intaneti kwa pamoja. Katika maabara ya kompyuta yenye mashine thelathini kwa wanafunzi elfu kadhaa, vitu hivyo vitatu havikukutana mara nyingi.

Wakati vyuo vinahangaika na maabara, minara ya simu ilikuwa inapanda. Mobitel ilianza huduma Dar es Salaam mwaka 1994, Celtel ikaanza Uganda mwaka 1995, MTN ikafuata huko mwaka 1998. Vodacom iliingia Tanzania mwaka 2000, mwaka uleule Safaricom na KenCell zilipoanza kushindana Kenya. Simu za kwanza zilikuwa za wafanyabiashara na wakubwa, kubwa na ghali, na kupigiwa tu kulikuwa na gharama yake. Kilichoigeuza simu kuwa ya kila mtu ni vocha. Mtu asiye na akaunti ya benki, asiye na hati ya mshahara, aliweza kukwangua kadi ya bei ndogo akawa na laini. Aliyeishiwa salio alibipu, naye mwenye salio akapiga. Mwaka 2003 Nokia ilitoa modeli ya 1100, simu yenye tochi na betri ya kudumu siku kadhaa, iliyouzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Kijijini ilichajiwa dukani kwa betri ya gari au sola. Kitochi cha namna hiyo ndicho kifaa cha kwanza cha elektroniki ambacho mwalimu wa shule ya msingi wa Afrika Mashariki alimiliki mwenyewe, baada ya redio.

Wanafunzi wa masafa waliitumia simu kwa masomo kabla chuo chochote hakijawaambia. Walipeana namba kwenye vipindi vya ana kwa ana. Aliye karibu na kituo cha mkoa aliwatumia wenzake meseji kwamba ratiba imetoka, kwamba mhadhiri fulani hatafika, kwamba vitabu vya kozi fulani vimeshuka. Ujumbe mfupi wa herufi 160 ulitosha kabisa kwa habari hizo. Mtandao wa kimya wa namna hii haukuandikwa katika taarifa ya chuo chochote, lakini ndio uliokuwa mwanzo halisi wa jambo hili.

Chuo kilichoonyesha kwamba taasisi nayo inaweza kufanya hivyo kwa mpango kilikuwa Afrika Kusini. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Pretoria kilijaribu kutumia ujumbe mfupi kwa walimu waliokuwa wakisoma shahada za elimu kwa masafa, wengi wao wakiishi vijijini kabisa. Uchunguzi wa chuo ulionyesha kwamba chini ya mmoja katika kila mia alikuwa na barua pepe, na zaidi ya tisini na tisa katika kila mia walikuwa na simu ya mkononi. Takwimu hiyo ilibadilisha mawazo ya wengi, maana mpaka hapo wataalamu walikuwa wamezoea kumwona mwanafunzi wa kijijini kama mtu asiye na teknolojia. Chuo kikaanza kutuma vikumbusho vya tarehe za kujisajili, vya mitihani na vya kuhudhuria vipindi, kwa gharama ndogo sana kulinganisha na kuchapa barua na kuituma posta. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Dick Ng'ambi alibuni mfumo uliomruhusu mwanafunzi kuuliza swali kwa ujumbe mfupi au kwa kompyuta bila kutaja jina, swali na majibu yakaonekana na darasa zima. Umuhimu wake unaeleweka kwa yeyote aliyekaa katika ukumbi wa mihadhara wenye watu mia tatu: anayeogopa kuonekana mjinga hanyanyui mkono, hata akiwa amepotea kabisa.

Makerere ilifuata njia hiyo kuanzia katikati ya muongo huo. Idara yake ya elimu ya masafa ilianza kutuma ujumbe mfupi kwa mkupuo kwa wanafunzi wake, na mmoja wa wanataaluma wake, Paul Birevu Muyinda, akajenga utafiti wake juu ya namna masomo yenyewe yanavyoweza kupelekwa kwenye simu na namna msimamizi anavyoweza kumfuatilia kwa simu mwanafunzi anayeandika tasnifu. Nchini Kenya wazo lilihusishwa na mafunzo kazini ya walimu wa shule za msingi, na John Traxler wa Chuo Kikuu cha Wolverhampton, Uingereza, alikuwa miongoni mwa walioshauri. Traxler, pamoja na Agnes Kukulska-Hulme, alihariri mwaka 2005 kitabu kilichokuwa mwongozo wa mwanzo wa fani hii kwa walimu na wakufunzi. Mwaka huohuo mkutano wa kimataifa wa elimu kwa vifaa vya mkononi, ulioanzia Birmingham mwaka 2002, ulifanyika Cape Town.

Kuna wasomi walioidharau hatua hii ya meseji. Walisema kumkumbusha mwanafunzi tarehe ya mtihani si kumfundisha. Hoja hiyo ni sahihi kwa maneno lakini inapotosha kwa jambo lenyewe. Aliyekosa mtihani kwa kutojua tarehe alipoteza mwaka mzima, mara nyingi pamoja na ada aliyojinyima ili ailipe, na baadhi hawakurudi tena. Taarifa ilikuwa nusu ya elimu ya masafa, na simu iliileta nusu hiyo kwa mara ya kwanza. Yaliyofuata baadaye, vitabu na video na mijadala, yaliwakuta wanafunzi ambao tayari chuo kimejua namba zao.

Historia ya nchi tajiri ilikwenda kinyume. Huko kifaa kilitangulia kama wazo la wanasayansi: mwaka 1972 Alan Kay, akiwa katika maabara ya Xerox huko California, aliandika juu ya kompyuta ya kubeba mkononi iliyokusudiwa watoto kujifunzia, miaka mingi kabla haijawezekana kutengenezwa. Vyuo navyo vilipoamua, viligawa. Chuo Kikuu cha Duke kiliwapa wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza iPod mwaka 2004, na Abilene Christian cha Texas kikawapa wapya wake iPhone au iPod touch mwaka 2008. Afrika Mashariki kifaa hakikugawiwa. Kilinunuliwa na mwanafunzi, na hilo ndilo lililoamua karibu kila kitu kilichofuata: aina ya simu, ukubwa wa kioo, kiasi cha bando, na nani abaki nyuma.

Fedha za simu zilitoka mahali mbalimbali. Walimu na watumishi walinunua kwa mshahara. Wanafunzi wa kampasi walisubiri bumu, yaani fedha za kujikimu kutoka bodi ya mikopo, iliyoanza kazi Kenya mwaka 1995 na Tanzania mwaka 2005. Wiki ya bumu ilikuwa wiki ya biashara nzuri kwa maduka ya simu yaliyozunguka vyuo. Serikali ya Kenya ilisaidia kwa kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu mwaka 2009, kisha ikairudisha mwaka 2013. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, iliongeza sababu nyingine ya kuwa na simu: mzazi aliweza kutuma nauli na ada kwa dakika chache, na baadaye vyuo vyenyewe vikapokea ada kwa njia hiyo. Mwanafunzi asiyependa teknolojia hata kidogo alilazimika kuwa na laini ili aishi chuoni.

Mageuzi makubwa ya pili yalitoka baharini. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kufanya kazi, ukiunganisha Mombasa na Dar es Salaam na dunia, pamoja na TEAMS wa Kenya mwaka huohuo, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo vyuo vililipa maelfu ya dola kwa mwezi kwa megabiti moja ya setilaiti. Mitandao ya vyuo kama KENET, iliyoanzishwa Kenya mwaka 1999, iliweza sasa kugawa kasi ambayo awali ilikuwa ndoto. Lakini wanafunzi wengi hawakuyaona mabadiliko hayo kupitia waya wa chuo. Waliyaona kwenye simu, kampuni zilipoanza kuuza intaneti kwa vifurushi vya siku na wiki. Hata kabla ya mkongo, simu ndogo zenye Opera Mini, programu iliyobana kurasa za mtandao ili zile data kidogo, ziliwawezesha baadhi kusoma makala na kutafuta maana ya istilahi kwenye kioo kisichozidi ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Mwanzoni mwa 2011 simu ya Huawei iliyoitwa IDEOS, yenye mfumo wa Android, iliuzwa Kenya kwa takriban shilingi 8,000 za nchi hiyo. Ilikuwa bei ya chini ambayo haikuwa imewahi kuonekana kwa simu janja, na wanafunzi walikuwa miongoni mwa walioichangamkia. Baada yake soko lilijaa Tecno, Itel na Infinix.

Kilichogeuza simu janja kuwa chombo cha masomo, hata hivyo, hakikuundwa kwa ajili ya masomo. WhatsApp ilianzishwa Marekani mwaka 2009 na kuongeza makundi mwaka 2011. Ilifanya kazi hata kwenye baadhi ya simu za Nokia ambazo hazikuwa simu janja kamili, na ilikula data kidogo. Ndani ya miaka michache karibu kila darasa la chuo kikuu Nairobi, Kampala, Dodoma au Morogoro lilikuwa na kundi lake, likiongozwa na kiongozi wa darasa, ambaye kila mtu humwita CR. Mhadhiri alimpa CR tangazo, CR akaliweka kundini. Ujumbe wa sauti ulipoongezwa mwaka 2013, mwenzao aliyeelewa hesabu aliwaeleza wengine kwa mdomo, nao wakasikiliza wakiwa kwenye daladala au matatu. Mwaka 2016 programu ilianza kubeba faili za PDF, na kiwango cha kundi kikapanda hadi watu 256. Mambo hayo mawili yalivifaa vyuo vya huku kuliko pengine popote, kwa sababu madarasa yalikuwa makubwa na vitabu vichache.

Kufikia hapo uchumi mzima wa vitini ulikuwa unatikisika. Kwa miaka mingi mhadhiri aliandaa kitini, akakiacha katika duka la steshenari jirani na chuo, wanafunzi wakapanga foleni kunakili kurasa kwa shilingi hamsini au mia. Steshenari ilikuwa maktaba ya pili, na kwa kozi nyingi ilikuwa ya kwanza. Sasa kitini kilipigwa picha mara moja na kikawafikia wote. Mitihani ya miaka iliyopita, iliyokuwa ikiuzwa na kuazimwa kwa siri, ikawa mali ya kundi. Vitabu vizima vikaanza kuzunguka, vingi bila idhini ya wachapishaji, na vyuo vikafumba macho. Suala la hakimiliki halikuwa dogo, lakini maktaba yenye nakala tatu za kitabu cha lazima kwa wanafunzi mia nne haikuwa na neno la kuwaambia.

Kundi la WhatsApp lilileta pia jambo ambalo mitaala haikulitarajia, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote katika historia hii. Mihadhara ya vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya hutolewa kwa Kiingereza, isipokuwa masomo machache kama ya Kiswahili chenyewe. Kundini wanafunzi walieleweshana kwa Kiswahili, Wakenya wakichanganya na Sheng, wakitumia istilahi za Kiingereza pale tu zilipohitajika. Mwanafunzi wa sheria au wa uhandisi alisikia dhana ukumbini kwa lugha moja na kuielewa usiku kwa lugha nyingine. Majadiliano ya namna hii yalikuwepo tangu zamani bwenini, lakini bwenini yalipotea hewani. Kwenye simu yaliandikwa na kurekodiwa, aliyelala aliyakuta asubuhi, na mwanafunzi wa masafa aliye peke yake wilayani aliyapata kama aliye kampasi. Kwa maelfu ya wanafunzi, Kiswahili kiliandikwa kwa mara ya kwanza kama lugha ya kufikiria masomo ya chuo kikuu, bila kamati wala waraka wa wizara.

Taasisi zilijitahidi kulifikia wimbi hilo. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kuanzia katikati ya miaka ya 2010, kiliwapa wanafunzi wake wa elimu ya masafa vishikwambi vilivyopakiwa masomo, ili mwanafunzi asome hata pasipo na mtandao. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa nchi yenye kaunti ambazo mawasiliano hukatika kwa siku nzima. Moodle nayo ilipata programu ya simu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilihamishia sehemu kubwa ya mawasiliano na masomo yake kwenye mtandao, na vituo vyake vya mikoa vikapunguziwa kazi ya kugawa karatasi. Tanzania ilipoanza mwaka 2017 mfumo wa serikali wa malipo kwa namba ya kumbukumbu, mwanafunzi wa chuo cha umma aliweza kulipa ada kwa simu bila kupanga foleni benki na kurudi na stakabadhi mkononi. Mara nyingi mifumo hii rasmi ilikuwa bora kwa kupanga masomo na kutunza kumbukumbu, lakini wanafunzi waliingia humo kupakua au kupakia kazi tu, kisha wakarudi kundini kujadili. Sababu mojawapo ilikuwa bando. Kifurushi cha mitandao ya kijamii kiliuzwa kwa bei ndogo kuliko intaneti ya kawaida, kwa hiyo bei yenyewe ilimsukuma mwanafunzi nje ya mfumo wa chuo na kumwingiza WhatsApp.

Serikali ziliweza kuipindua bei hiyo kwa siku moja. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Kwa mfanyabiashara kilikuwa kiasi kidogo, lakini kwa mwanafunzi anayehesabu mlo wa jioni kilikuwa kodi juu ya darasa lake, na wengi walikimbilia programu za VPN kuikwepa. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021 na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data, huduma za elimu na afya zikisamehewa. Msamaha huo ulikubali, kwa lugha ya sheria ya kodi, jambo ambalo wanafunzi walikuwa wakilijua kwa miaka kumi.

Kisha likaja janga la korona. Machi 2020 Kenya, Tanzania na Uganda zilifunga vyuo vyao ndani ya siku chache. Tanzania ilivifungua tena tarehe 1 Juni, baada ya takriban miezi miwili na nusu, na vyuo vyake vingi vilisubiri kufunguliwa badala ya kuhamia mtandaoni. Kenya na Uganda zilikaa muda mrefu zaidi. Uganda iliwarudisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho katikati ya Oktoba 2020. Katika nchi hizo mbili ndiko simu ilikopimwa kwa uzito kamili. Vyuo vya Kenya vilifundisha kwa video, KENET na kampuni za simu zikatoa vifurushi vya bei nafuu kwa wanafunzi, na baadhi ya mitihani ikafanyika mtandaoni.

Kipimo hicho kilifichua mengi. Mhadhara wa saa mbili kwa video humaliza bando la wiki. Mwanafunzi aliyerudi kwao Turkana au Karamoja alipanda kilima kutafuta mtandao. Simu iliyotosha kwa kundi la WhatsApp ilizima kwa joto au kwa betri katikati ya somo, na aliyekuwa akitumia simu ya familia alisubiri zamu. Wasichana wengi waliorudi nyumbani walikutana na kazi za ndani saa zilezile za mihadhara. Wahadhiri waliojifunza haraka waliacha video za moja kwa moja wakatuma sauti fupi na kurasa chache, njia ambayo wanafunzi walikuwa wameshaigundua wenyewe. Walioshikilia mhadhara mrefu wa video walijikuta wakizungumza na majina tu kwenye kioo.

Baada ya vyuo kufunguliwa, mambo hayakurudi yalivyokuwa. Ratiba nyingi zilibaki na sehemu ya mtandaoni, vikao vya usimamizi wa tasnifu vikaendelea kwa simu, na mhadhiri aliye safarini hakulazimika tena kuahirisha kipindi. Mwishoni mwa 2022 zilifika programu za akili bandia zinazojibu maswali na kuandika insha, nazo zilipatikana kwenye simu ileile. Vyuo vilianza kuandika kanuni za kuzidhibiti wakati wanafunzi wameshazizoea, mpangilio uleule wa meseji na WhatsApp, isipokuwa safari hii muda wa kufikiri ulikuwa mfupi zaidi.

Kwa hali ilivyo, simu imechukua sehemu kubwa ya usomaji, majadiliano, usajili, malipo na matangazo ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Kuna kazi ambazo haijaziweza. Kioo kidogo hakifai kuandikia tasnifu ya kurasa mia, kwa hiyo mwenye simu peke yake huandika rasimu kwa kalamu na kumlipa mpiga chapa wa steshenari, au huazima kompyuta mpakato ya mwenzake usiku. Masomo ya maabara na ya vitendo hospitalini hayahamishiki. Na mtihani wa mwisho wa muhula, katika vyuo vingi, bado huandikwa kwa mkono katika ukumbi ambao kanuni zake zinamkataza mtahiniwa kuingia na simu, kwa Kiingereza, bila wenzake wa kundini, kwa maswali yaliyotungwa kana kwamba alisoma kwa njia ileile aliyosoma mhadhiri wake.